Amina Mbili za Uongo

Mimi ni mtu wa kucheka hata matangani. Mama yangu aliacha zamani kukaa nami benchi moja kanisani, na katika daftari la nidhamu pale shuleni ukurasa wangu ulijaa, wakabandika mwingine kwa pini. Kwa hivyo nikisema kuna jambo moja ambalo nimejaribu kulitengenezea mzaha tangu muhula wa pili na limekataa, wanaonijua wataelewa ni zito. Kila nikilianza, mdomo unabaki wazi.

Ni juu ya Mwalimu.

Shule yetu iko Uthiru, hatua chache kutoka Waiyaki Way, na ina walimu kama thelathini. Wengine wote ni Mista fulani na Madam fulani. Lakini ukisema Mwalimu peke yake, bila jina wala somo, hata mama wa jikoni anajua ni yule mzee wa karakana aliyefundisha Pawa, yaani somo la injini. Kila asubuhi alivaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka mstari wa mguu ungeweza kukata mkate. Chini ya hiyo ovaroli, shati lilikuwa limefungwa vifungo vibaya, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, siku tano kwa wiki. Nilimwambia mara moja. Akajiangalia kifuani, akasema shati halichemki.

Ndivyo alivyougawa ulimwengu: vitu vinavyochemka na visivyochemka. Gari lake mwenyewe lilikuwa aibu ya parking ya walimu. Mlango wa abiria ulifungwa kwa waya, ukitaka kuingia unapitia kwa dereva na kuruka gia kama mwizi. Kioo cha nyuma kilikuwa karatasi ya nailoni. Lakini injini yake ukiiwasha ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Tulipomcheka alisema, "Mlango ukilegea utaona. Hedi ikilegea utalia."

Hedi niieleze, maana yote yaliyotokea yametoka hapo. Injini ina vipande viwili vikubwa vinavyolaliana. Cha chini ni bloku, cha juu ni silinda hedi, na katikati yao kuna gasketi, nyembamba kama chapati ya mtu mchoyo. Ndani mna moto unaolipuka, kando yake maji yanapita, na mafuta nayo yana njia yake. Hao watatu wakikutana, umekwisha. Kinachowatenganisha ni gasketi, na kinachoibana gasketi ni bolti kumi. Ndiyo maana Mwalimu aliweza kufundisha bolti kumi kwa muhula mzima bila kuchoka, huku sisi tukisinzia.

Siku ya kwanza alikuja na shuka kutoka nyumbani kwake, la maua ya waridi. Akalitupa juu ya meza ya karakana, akamwita prifekti wetu alitandike. Prifekti akaanza ukingoni, akivuta kona moja halafu nyingine, na kila alivyovuta mkunjo ulikimbilia katikati ukakaa hapo. Mwalimu akaweka viganja viwili katikati ya shuka na kusukuma kuelekea nje. Likalala. Akasema bolti ni hivyo hivyo, unaanza za katikati unatoka nje, huku na huku, ukianza pembeni umefungia mkunjo ndani. Wiki hiyo nilimtania prifekti kwamba amefunzwa kutandika kitanda na serikali.

Na hukazi bolti mara moja ukamaliza. Unapita zote mara tatu. Raundi ya kwanza, alisema, ni salamu. Ya pili ni posa. Ya tatu ni ndoa, na ndoa hairudiwi: "Bolti ikishasema ndiyo, usiiulize tena. Ukiiuliza tena unaivuta shingo." Kabla ya salamu lazima bolti zioshwe kwa mafuta ya taa, zisuguliwe meno kwa brashi, zipakwe oili kidogo, na matundu yapulizwe mpaka yakauke, kwa sababu tone la maji chini ya tundu litakudanganya bolti imefika kumbe imekalia maji. Aliogopa sana kudanganywa na bolti. Sisi hakutuogopa.

Raundi ya tatu ilifanywa kwa spana ya kipimo. Ni spana ndefu yenye namba kwenye mpini. Unaichagulia nguvu unayotaka, unavuta polepole bila kushtua, na nguvu ikifika inasema tak, sauti ndogo kama mtu anayevunja kidole. Hapo unaacha. Mwalimu aliihifadhi ndani ya sanduku la mbao, imefunikwa blanketi la mtoto mchanga, na baada ya kazi alirudisha kipimo chini kabisa kwa sababu hata springi hulala.

Sasa, kulikuwa na desturi. Katika raundi hiyo, mwanafunzi mmoja alisimama kando yake, na darasa zima likanyamaza. Mwalimu anavuta. Spana ikisema tak, yule mwanafunzi anasema "Amina", na Mwalimu anaachilia na kwenda bolti inayofuata. Kila hedi ilikuwa na amina kumi. Sisi tuliona ni ulokole wake tu. Nusu ya shule huombea hata mtihani wa hesabu, kwa nini mtu asiombee bolti? Vijana wa darasa la chini yetu walikuwa wakifunga kamba za viatu wanasema amina. Mimi mwenyewe nilikuwa na igizo lake kamili la dakika tatu, na nililifanya mbele ya yeyote aliyetaka: ile sauti yake ya kupaza kana kwamba tuko ng'ambo ya mto, ile tabia ya kugeuza kichwa upande kama kuku anayemwangalia mwewe, na vile alivyokukodolea mdomo ukiongea, sio macho, mdomo, kana kwamba anatafuta kama umekula mandazi kipindi chake. Ukimwita kutoka nyuma hakugeuka. Tulisema ana maringo.

Lakini mzaha alipenda, au mimi niliamini hivyo. Aliniita Redio kwa sababu sizimwi. Nikisema kitu darasa likaangua kicheko, yeye aliangalia huku na huku, halafu akacheka. Kila mara, sekunde moja baada ya wengine. Nilikuwa najivunia hiyo sekunde. Nilidhani ni mtu mzima anajaribu kujizuia, anashindwa.

Ilikuwa Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya chakula. Pikapu ya shule, ile ya kuleta mboga na unga, ilikuwa imefunguliwa hedi wiki nzima, na darasa letu ndilo lililopewa kuirudisha. Tulikuwa wanafunzi ishirini na mmoja. Gasketi ilikuwa mpya, bolti zimeoshwa, salamu na posa zimekwisha. Kwa ndoa, Mwalimu akaniita mimi nisimame kando yake nitoe amina.

Bolti sita zilienda sawa. Nje kulikuwa na harufu ya githeri ikichemka jikoni, na Njeri, rafiki yangu ambaye Mungu alimuumba ili anichochee, akaniashiria kwa midomo: mpe moja ya bure.

Bolti ya saba. Mwalimu alikuwa amevuta kidogo tu, mkono ndio kwanza unaanza kubeba uzito. Spana haijasema chochote. Nikasema, kwa sauti ya pasta wa televisheni, "Aaamina."

Nilichotarajia ni hiki: angesimama wima, aseme Redio, hiyo imetoka kwako haijatoka kwa spana, darasa licheke, na mimi niandikwe tena kwenye daftari. Mkono wake ukasita. Ukabaki umeshika uzito, kwa muda wa kupepesa jicho. Halafu akaachilia, na kuhamisha spana kwenda bolti ya nane.

Kicheko kilianza kwa watu wawili watatu kikafia njiani. Tukaanza kutazamana. Sijawahi kusikia ile karakana ikiwa kimya vile, hata magari ya Waiyaki Way yalikuwa kama yamesimama. Na mtu mwenye utu angesema hapo hapo, Mwalimu, samahani, nilikuwa nacheza. Mimi nikataka kuhakikisha. Alipoanza kuvuta ya nane, kabla hata mpini haujasogea upana wa kidole, nikasema amina nyingine. Hii haikuwa na upasta. Niliisema polepole, kama mtu anayegusa pasi kuona kama ina moto.

Akaachilia.

Ya tisa na ya kumi nilizisema kwa haki, baada ya tak. Mwalimu akarudisha kipimo chini, akaifunika spana blanketi lake, akatugeukia akitabasamu. "Kazi safi," akasema. "Leo mmenyamaza vizuri. Asanteni."

Alitushukuru. Watu ishirini na mmoja tulikuwa tumesikia kwamba spana haikusema kitu, na yeye akatushukuru kwa kunyamaza.

Wakati wa chakula Njeri alikuwa amegeuka rangi. Akasema lazima niende nimwambie, leo, kabla pikapu haijawashwa. Nikamjibu kwamba bolti nane kwa kumi ni asilimia themanini, hiyo ni A safi. Huo ndio mzaha wa mwisho nilioweza kufanya kuhusu ile hedi. Ukweli ni kwamba niliogopa, na sikuogopa kuadhibiwa. Niliogopa kusimama mbele ya mzee na kumwambia najua husikii. Ningelisemaje? Na ningelisema kwa sauti gani ili alisikie?

Pikapu ilitembea siku tisa. Ya kumi ikachemka Westlands, katikati ya jam, ikiwa na dereva, mama wa jikoni na magunia ya kabichi. Dereva alitusimulia baadaye kwamba moshi ulikuwa mweupe kama wa kufukiza nyuki, na watu wa maofisini walitoa simu kupiga picha badala ya kusukuma. Alipofungua rediata maji ya moto yakamrukia, yakamchoma mkono hadi kiwiko. Alipovuta kijiti cha kupimia oili, ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Wale watatu walikuwa wamekutana.

Ikavutwa kwa kamba mpaka shuleni. Mwalimu akafungua hedi mbele yetu, na Prinsipo akasimama nyuma yake, mikono mgongoni. Kufungua ni kinyume cha kukaza, unaanza nje unarudi katikati. Ya kumi na ya tisa zilimtoa jasho, aliongeza bomba kwenye spana ndipo zikalia. Ya nane ilizunguka kama kizibo cha soda iliyokwisha funguliwa. Ya saba pia. Chini yake gasketi ilikuwa imeungua, mstari mweusi kutoka tundu moja hadi jingine.

Hakuniangalia. Nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa, nimejiandaa, lakini hakuinua macho. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, "Ni mimi niliyekaza."

Prinsipo akamuuliza kitu kutoka nyuma. Mwalimu akaendelea kupangusa bolti ya nane kwa kitambaa. Prinsipo akauliza tena. Mwalimu akaigeuza bolti, akaangalia meno yake. Mara ya tatu Prinsipo hakuuliza. Alitutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, na sisi tukatazama viatu.

Muhula uliofuata karakana ilikuwa na kufuli na sisi wa Pawa tulihamishiwa Kilimo, tukapewa majembe. Kwenye gwaride la Jumatatu Prinsipo alitangaza kwamba Mwalimu amekwenda kupumzika mapema baada ya utumishi wa miaka mingi. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi. Katikati ya kupiga, ikanijia ile sekunde moja. Mzaha wangu wote, miaka miwili, huenda hakusikia hata mmoja. Alikuwa anacheka kwa sababu meno yetu yalikuwa nje.

Ilinichukua muhula mzima kwenda kumwona. Anakaa Woodley, zile nyumba za zamani za baraza la jiji, na karani wa shule alinielekeza akidhani nampelekea kadi. Nilifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Lile gari lake lilikuwa kando ya uzio wa miti, limefunikwa turubai, magurudumu yamekwisha upepo. Mlango ulifunguliwa na mkewe, mama mfupi aliyejifunga leso kiunoni, mikono ina povu la sabuni. Nilipomsalimu tu akaniuliza kama mimi ndiye Redio. Akasema Mwalimu alimsimulia kwamba kuna msichana mmoja ambaye hata akiongea na ukuta, ukuta unacheka. Nikatamani kurudi Uthiru kwa miguu.

Kabla hajaniingiza aliniomba jambo, kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na haja ya kuishusha. Nisimzungumzishe habari za magari. Majirani walikuwa bado wanakuja, mara huyu plagi, yule kabureta, na yeye mama ndiye aliyewakataza. Mikono ya mzee imeisha, akasema. Iliunguza mtu. Vyombo vyote vya kazi mama alikuwa amevifungia stoo, na ufunguo anao yeye mwenyewe. Akarudi jikoni kuosha vyombo, akaniacha sebuleni.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, shati limefungwa sawasawa. Sikuwahi kumwona hivyo, na nilishtuka kuliko kama ningemkuta kitandani. Mtu mwingine alikuwa anamfunga vifungo. Alinitazama mdomo, akanionyesha stuli ya kulia. "Kaa huku, Redio. Upande huo mwingine ulifunga duka zamani."

Hivyo tu. Kitu alichokificha miaka yote, akakisema kama mtu anayekuonyesha mahali pa kutundika koti.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilisema ya saba na ya nane, spana haikuwa imesema, ni mimi niliyesema. Nilisema nilirudia ya pili nikijua. Nilisema taratibu nikifungua mdomo vizuri, na yeye alisoma kila neno, bila kukunja uso, kama anavyosoma namba kwenye mpini. Nilipomaliza tukasikia sahani zikigongana jikoni. Nilisikia mimi, nataka kusema.

"Nilijua," akasema. "Ile spana mkono unaisikia. Inashtuka kidogo, hapa." Akagusa kiganja chake, chini ya kidole gumba. "Mkono uliniambia bado. Zote mbili."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuendelea kuvuta.

"Ungekuwa wewe peke yako ningevuta. Wewe nakujua, ni mjinga. Lakini darasa lilinyamaza lote. Nikasema, watu ishirini na mmoja wenye masikio mazima hawawezi kukosea, ni huu mkono umezeeka. Nikauambia unyamaze." Akageuza kiganja, akakitazama kama kitu cha mtu mwingine. "Mtu akipoteza sikio anaanza kushuku hata vitu vinavyofanya kazi."

Nikasema angenitaja kwa Prinsipo, siku ile bolti zilipotoka bure. Alikuwa ameshajua ni mimi.

"Ningemwambia nini? Kwamba msichana alinidanganya mlio? Angeuliza, kwani wewe hukusikia? Nikikutaja wewe, najitaja mimi."

Machozi yalikuwa yananishuka na sikuwa na habari nayo mpaka yalipofika kidevuni. Nilikuwa nimekuja na hotuba ya kuomba msamaha niliyoikariri tangu nyumbani, na sasa niliona msamaha haukuwa kitu anachokihitaji mtu yule. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Nikasema Jumatatu naweza kwenda kwa Prinsipo.

"Prinsipo utaenda, hiyo ni yako na yeye." Akanisogelea mpaka nikanusa sabuni kwenye shati lake. Macho yake yalikuwa yametoka mdomoni mwangu na kutazama mlango wa jikoni. "Saa hii, hayo uliyoniambia mimi, yaseme tena. Yote. Kwa sauti ya juu, vile unapigaga kelele darasani."

Nikasema, Mwalimu, si umeshanisikia?

"Si mimi," akasema. "Mama. Ufunguo wa stoo anao yeye."

Nikafuta kidevu, nikageukia jikoni. Nikaanza upya, kutoka bolti ya saba, kwa sauti ambayo nimefukuzwa nayo darasani mara ngapi sijui. Nilipofika "haikuwa imesema," vyombo vikaacha kugongana.

Nikaendelea.